Wivu au Kijicho

Msinibishie: siku hizi muziki hauvuki kizingiti. Kuta zimefundishwa kuumeza, na sidii huimba katika nyumba iliyoinunua tu. Ukimwazima jirani, inakuwa bubu kama kisahani cha chai.

Ndiyo maana jirani yangu Shempemba ananitesa. Mimi nina muziki wa filamu ya "Bwana Harusi wa Tatu", toleo la kwanza, ambamo unamsikia hata mpiga filimbi akivuta pumzi. Yeye ana toleo la pili, lenye kipande cha zeze kilichokatwa kwenye filamu. Kila tukikutana barazani hunichoma: "Toleo lako zuri, mzee mwenzangu, ila halina zeze."

Jana mke wangu Mwanakheri alikuwa anasukuma chapati huku akiimba puani wimbo nisioujua, akiuvuta kama zeze. Na nyimbo zote za nyumba hii nazijua.

"Mama Zuhra, huo umeutoa wapi?"

"Kwani lazima niutoe mahali?"

"Hilo zeze liko kwa Shempemba tu!"

Akaacha kusukuma, akanitazama. "Baba Zuhra, huo ni wivu au kijicho?"

"Kijicho," nikajibu upesi, nisije nikaonekana kizee cha wivu. "Hebu rudia pale mwanzo."

Akajipangusa unga, akajitanda kanga yake mpya. "Mwanzo sijaushika vizuri," akasema akitoka. "Ngoja nikausikilize tena."

Nikabandika sikio ukutani. Ukuta ulimeza zeze, na sijui ulimeza na nini kingine.