Vasi za Jikoni

Ogutu hakuwa na gari, redio, wala viatu vya kanisani. Alichokuwa nacho ni vasi nne za fedha, vyombo vya kale vya kuwekea maua, zilizokusanywa na bibi wa Kihindi aliyekuwa mwajiri wake, akamwachia azitunze alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. "Zikinusurika," bibi alimwambia, "moja ni yako. Chagua mwenyewe."

Mke wa Ogutu alikataa kuzificha. Alizipaka mafuta na masizi, akachomeka miiko ndani, akazipanga kando ya sigiri.

Sasa askari alisimama hapo hapo, akitafuta mali za Wahindi. Akainua vasi moja. Viganja vikawa vyeusi tii.

"Mama, chombo gani hii?"

"Ya miiko, afande. Nikufungie?"

"Mimi na uchafu hii?" Akaitua, akajifuta ukutani, akaondoka akinung'unika.

Ogutu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua jivu na kitambaa, akasugua kitako cha vasi ile. Simba mdogo wa mhuri wa Kiingereza wa fedha halisi akajitokeza, mguu mmoja juu.

"Nachagua hii aliyoikataa afande," alimwambia mkewe.

Akamwandikia bibi maneno hayo hayo, akaifunga bahasha kwa ugali laini, akampa dereva wa basi la Kisumu aitie posta huko ng'ambo ya mpaka, askari wasije wakaifungua.