Jicho la Kushoto

"Jambo, Mama Eliane," Bilali alisema kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Papa, ile ni mbuzi!" Sifa alipiga kelele, akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni hizo, nyumba yao ya Butembo ilitembea kwa jicho mojamoja. Mgonjwa alikuwa Sifa, wa miaka mitano. Jicho lake la kushoto lilikuwa na uvivu. Docteur Solange aliagiza lile zima, la kuume, lizibwe kwa kibandiko kila jioni ili la kushoto lijifunze kazi. La sivyo, lingelala milele.

Lakini Sifa alikibandua, akakitupa chooni.

"Mi hapana vaa! Batoto ya jirani banasema niko shetani!"

Basi Bilali, anayesafirisha mizigo njia ya Beni, akawa kila jioni anaegesha gari na kujiziba la kuume. Mkewe Zabibu naye akajiziba. Jirani yao Syauswa, shemasi wa kanisa, akachungulia uani.

"Ni mfungo ya macho?" akauliza. Kesho yake alikuja na kibandiko chake, kwa ujirani mwema.

Zabibu alisonga bugali kama kawaida. Syauswa alisoma Biblia yake. Bilali alimimina chai juu ya meza, akanawa mikono ndani ya mboga ya sombe, akamkumbatia Syauswa na kumwita mpenzi.

Sifa alicheka mpaka akasahau kubandua.

"Bilali, sasa unazidisha," Zabibu alisema.

"Lakini weye unawezaje?" Bilali aliuliza, akipapasa kiti.

"Mazoezi," akajibu Zabibu, akimcheka.

Miezi ikapita, wakarudi kwa Docteur Solange. Sifa, kwa jicho la kushoto peke yake, alitaja picha zote za ukutani: nyumba, ndege, hata kasamaki kadogo ka chini kabisa. Zabibu akalia kwa furaha.

"Jicho limeamka," docteur alisema. "Na papa ambaye aliteseka naye? Tuone."

Wote wakacheka. Bilali akaziba jicho la kuume kwa kiganja, akaelekea ukutani. Akapapasa ukuta. Kicheko kikaisha.

"Docteur," akauliza taratibu, "kwani batu banaonaga na la kushoto?"