Matunda ya Bryony

"Bibi, hili jina la mdogo wangu, Bryony, maana yake nini?" msichana aliuliza, akimchungulia mtoto mchanga kifuani kwa mama.

"Ni mmea unaotambaa, mjukuu wangu. Jina limetoka kwa Wagiriki, maana yake kuchipua. Nilisoma na wawili wenye jina hilo, siku hizi hulisikii sana. Mmea wenyewe ule pale, umeuparamia ua wa shamba."

"Mzuri!"

"Mzuri kwa macho tu, lakini matunda yake..." bibi alianza kusema, lakini birika likapiga mluzi naye akaenda kuliepua.

Mchana mvua ya Oktoba ilikatika, mama akamwacha mtoto ghorofani, akatoka kuanika nepi. Msichana akamfuata, vidole vyake vyekundu, vinanata.

"Wewe, umeshika nini?"

"Nimemchumia mdogo wangu matunda ya jina lake."

"Yako wapi?"

"Nimempa. Aliyatema, nikayaponda kwa kijiko kama unavyonipondea ndizi. Sasa amelala."

Mama alipanda ngazi mbio. Mtoto alikuwa amelala chali, midomo myekundu, utomvu umemkaukia kidevuni. Akamnyanyua, akamtia kidole kinywani akikwangua maganda. Mtoto hakulia wala hakukinyonya.

Chini, bibi, aliyesikia yote, alikuwa amepiga simu hospitali, akipaza sauti. "Bryony! Nimesema Bryony!"

"Ndiyo, mama, jina la mtoto nimelisikia," sauti ya upande wa pili ilimjibu kwa upole. "Nimekuuliza amekula nini."