Kishimo cha Kidole Gumba

Makame alifufua mashine mbovu za gemu kwa starehe yake tu, na kila aliyoishika aliirudisha kama imetoka dukani jana. Ya jirani yake, Bi Mwanaidi, aliing'arisha kuliko zote.

Alipokuja kuichukua, Bi Mwanaidi akaiwasha, ikawaka. Kisha akapapasa kitufe cha mpira, uso ukasawijika.

“Hapa palikuwa na kishimo, baba. Kilichimbwa na kidole cha marehemu mwanangu.”

“Nimekibadilisha, mama. Kilikuwa kimelika.”

“Cha zamani kiko wapi?”

Makame akaleta kopo lake la vitufe vibovu, akalimimina mezani. Vyote vyeusi, vyote vimelika katikati.

Bi Mwanaidi akavuta kiti. Akakibonyeza cha kwanza kwa kidole gumba, akafumba macho. Akakiweka kando, akachukua cha pili.