Kaya ya Mtu Mmoja

Banda la Bi Badria halikuwa na mlango, ila waandikishaji watatu walisharudi ofisini wakisema amekataa kufungua. Kilichokuwapo ni turubai la bluu, lililowahi kufungia robota la mitumba huko Mchikichini, na mwanamke wa miaka sitini aliyekaa nyuma yake.

"Huyu niachieni mimi," alisema Twaha.

Rachel, mwenzake wa zamu, alimtazama. Alikuwa na wiki mbili tu kazini na bado watu walimtia huruma. "Una moyo wewe. Wa jana kamwagiwa maji ya dagaa."

Ilikuwa siku ya mwisho. Kadi za matibabu ya bure zilikuwa za watu wa bondeni, wale waliovunjiwa nyumba mwaka juzi wakaja kujibanza huku nyuma ya maghala ya Ilala, ambako wiki hiyo hiyo vijana wenye mapanga walikuwa wamekata watu wawili. Mgambo waliowalinda waandikishaji walikuwa wanaondoka saa tisa, na hakuna aliyetaka kubaki nyuma yao. Asiyeandikwa leo hapati kadi. Bi Badria alikuwa na kisukari na kidonda mguuni, na majirani walisema kidonda kimeanza kunuka.

Watu wa bondeni hawakuwapenda wenye fomu, na nani angewalaumu? Mara ya mwisho maofisa walipowafuata majumbani walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakachora X ukutani, na mwezi uliofuata likaja tingatinga. Twaha alikuwamo kwenye kikosi hicho cha rangi. Kilikuwa kibarua cha siku kumi, na kwa vile alichora bila maneno, ofisi ikampa ajira. Hakuficha. Kila banda alilopita leo lilimjua, na mzee mmoja alimtemea mate kwenye shati. Twaha aliyafuta kwa karatasi, akaendelea na banda la pili. Hakuhisi kitu, na siku hizi hata hakujishangaa.

"Shikamoo," alisema, akiinua turubai.

Bi Badria hakuitikia. Alitazama viatu vya Twaha, kisha akageukia ukuta wa mabati.

Rachel naye akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye ndoo."

Rachel akakaa, akawa anauliza maswali. Twaha alibaki amesimama, akiandika. Walipofika kwenye swali la mahali pa kuzaliwa, alikuwa ameshaandika Kilwa kabla Bi Badria hajafungua mdomo.

"Umejuaje?" Rachel alicheka.

"Lafudhi."

Penye maradhi alijaza kisukari, miaka tisa. Rachel alimwona, akadhani majirani ndio waliomwambia.

"Mama, una mtoto?" Rachel aliuliza, kisha akashusha sauti. "Nikwambie ukweli tu. Mwenye mtoto aliyeajiriwa anakatwa jina. Ofisi inasema huyo atatunzwa na mwanawe."

Bi Badria alisogeza mguu wake. Kitambaa kilichofunga kidonda kilikuwa kimelowa na kubadilika rangi. Kwa mara ya kwanza aliinua uso akamtazama Twaha, akamtazama kwa muda mrefu. Nje, mgambo walikuwa wanapiga filimbi, wanaita watu wao waondoke.

"Nilikuwa naye mmoja," alisema. "Andika amekufa."

"Jamani! Pole sana, mama." Machozi yalimlenga Rachel. "Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tatu."

"Aliumwa?"

"Hapana. Alipata kazi."

Rachel hakuelewa, na filimbi ilikuwa inalia tena, akaona si vizuri kumchimba mama wa watu.

Twaha akaandika: mwaka juzi, mwezi wa tatu. Mwandiko wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Alikishika kidole gumba cha Bi Badria, akakipaka wino, akakibandika kwenye karatasi, na Bi Badria hakukivuta. Ilibaki nafasi moja juu, jina la marehemu. Hakuuliza. Aliliandika, na chini kabisa, penye jina la mwandikishaji, akaandika tena jina lile lile.