Maneno Mawili ya Fundi

Mkebe wa vifungo ulinguruma gizani.

Mama aliruka kitini. Simu aliyoiweka juu ya mkebe ilikuwa ikitetemeka, na vifungo ndani vilicheza nayo. Nje jua lilikuwa kali, ila mapazia yalishushwa kwa sababu ya binti yake. Homa ilimfanya auchukie mwanga. Mama alipapasa, akaishika simu, akasoma.

GARI ZIMA

Ni Fundi. Mtu yule hakuwa na nukta wala koma, sembuse salamu. Ujumbe wake wote ulikuwa mkavu kama risiti ya dukani.

"Nani, mama?" sauti ikauliza kutoka kitandani.

"Wa kazini, mwanangu. Endelea kucheza."

Mtoto akarudi kwenye vitu vyake. Alikuwa amevigawa shukani mafungu mawili, vizima huku, vibovu kule, kama alivyomwona mama yake akipanga vipuri mezani. "Mdoli mzima," alinong'ona. "Filimbi mbovu."

Gari lenyewe lilikuwa mbali mno na chumba kile. Lilikuwa kwenye sayari ya Mirihi, magurudumu sita na mkono mmoja, peke yake vumbini. Juzi walilitumia programu mpya, wakalilaza ili liamke nayo. Halikuamka. Na programu hiyo aliiandika yeye, mstari kwa mstari, sehemu kubwa akiwa na mtoto aliyelala mapajani.

Jana kikaoni Mkuu wa kituo hakuzunguka. "Gari jipya linatua keshokutwa. Hili la zamani likikurupuka usingizini na kuanza kupayuka kwenye masafa yaleyale, tutayakosa yote mawili. Lisipoitika kufikia kesho adhuhuri, tunalizima. Na likizimwa, haliwashwi tena."

"Lakini linatusikia, Mkuu," alisema Fundi. "Ni kujibu tu ndiko lisikojua. Kama mjomba wangu akiitwa kuosha vyombo."

Hakuna aliyecheka. Fundi akamgeukia yeye. "Dada, niachie kesho asubuhi nzima nilibembeleze. Nitakutumia neno. Usiguse kitu kabla ya neno langu."

"Sigusi, kaka."

Amri ya kuzima haikutoka kwa kidole cha mtu mmoja. Mkuu alikwisha kubonyeza chake, amri ikawa inasubiri ufunguo wa pili. Ufunguo wa pili ulikuwa kompyuta hii iliyokuwa mbele yake, ambayo alikubaliwa kuja nayo nyumbani amwuguze mtoto. Kwenye kioo paliandikwa: THIBITISHA?

Na neno ndilo hilo limefika. Amri zao zote zilikwenda hivyo, kitu kwanza, tendo baadaye: TAA WASHA, MKONO KUNJA. Mpangilio huo aliubuni yeye, wakampigia makofi. Leo umemrudia kofi moja la shavuni.

Alimpigia Fundi. Simu iliita mpaka ikachoka. Chumba cha mitambo hakiingii simu. Huachwa kikapuni mlangoni, na Fundi alikwisha kurudi ndani. Akapiga laini ya kituo: inatumika. Akapiga tena: inatumika. Muda wa kutuma amri ulikuwa unayeyuka pembeni mwa kioo, maana Mirihi ikishazama upeoni, hakuna kinachotumwa tena mpaka kesho, na kesho mgeni anatua.

Gari moja lilikuwa limenyamaza. La pili lilikuwa angani, na watu walikwisha kulitolea jasho miaka mingi. Hesabu haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kwenye kidole.

"Mama, unalia?"

"Silii. Mafua."

"Yangu?"

"Yako, umeniambukiza." Akajipangusa kwa kiganja.

Ila palikuwa na sheria moja zaidi, ile iliyowakera wote wakichoka: amri yoyote isomwe na jicho la pili, na mwenye jicho hilo airudishe kwa maneno yake mwenyewe, siyo kama kasuku. Yeye ndiye aliyekuwa mkali wa sheria hiyo kuliko wote. Aliwahi kumrudisha Mkuu mzima kutoka mlangoni.

Nyumba ile ilikuwa na jicho la pili moja tu, tena lina homa.

Alijua ni upuuzi. Lakini alitaka kulimaliza jambo kwa adabu yake, kama unavyokunja vizuri nguo zisizomtosha tena mtoto.

"Njoo hapa, mama," alimwita binti yake. "Si umeshajua kusoma? Nisomee hii."

Mtoto alijiburuta na shuka lake, akapanda mapajani. Alikuwa wa moto kama mkate. Akaweka kidole chini ya herufi.

"Ga-ri. Zi-ma." Akavuta pumzi. "Gari zima."

Alivyolisoma ndivyo lilivyoandikwa. Kile kijitumaini kidogo alichokificha kifuani kikashuka. Mama akapeleka kidole kwenye kitufe, kikagusa, bado hakijabonyeza.

"Sawa, mwanangu. Sasa niambie kwa maneno yako. Fundi anasema nini?"

Mtoto aligeuka akamtazama, akishangaa mtu mzima kuulizia jambo jepesi namna hiyo.

"Anasema gari lenu si bovu."