Atomu za Njano

Atomu zilizowaka njano kwenye skrini zilikuwa za dawa yenyewe.

Mtafiti kijana aliizungusha molekuli taratibu kwa kipanya, akiomba macho yawe yamemdanganya. Skripti yake, programu fupi aliyoiandika mwenyewe, ilitakiwa izihesabu na kuzitia njano atomu za protini zilizo karibu na dawa. Hakuiambia iiruke dawa, basi dawa ikajihesabu yenyewe kama jirani. Ndiyo maana molekuli yake, bonge la molekuli, iliishinda ile ndogo ya Mama Chupa, mwenzake wa maabara, ilipochaguliwa dawa moja ya kuendelezwa.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Mama Chupa aliingia na vikombe viwili vya chai, akamkabidhi kimoja. Kucha zake bado zilikuwa na madoa ya ile dawa aliyoihangaikia miaka nenda rudi.

"Hongera, mdogo wangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Yangu nimeshaimwaga, friji lote ni lako sasa."

"Umeimwaga yote, dada?"

"Hadi tone la mwisho." Akainama kuitazama skrini. "Kumbe ndizo hizi za njano zilizonibwaga?"

Kikombe kilimuunguza kijana viganja, lakini hakukiweka chini.

"Ndizo," akajibu.